Shajara ya mradi: redio za mkononi za VHF kwa boti sita za Pangani

Lengo. Boti sita za faiba, za mita 7, zenye injini ya nje ya farasi 15, huvua usiku kati ya mlango wa mto Pangani na maji ya nje ya Kisiwa cha Maziwe. Kila boti iwe na redio moja ya bahari ya mkononi (VHF, yaani masafa ya juu sana), dikoni kuwe na kituo kimoja, na redio moja ibaki ya akiba. Jumla redio nane. Simu zipo, na karibu na nchi zinashika, lakini simu humfikia mtu mmoja ambaye huenda amelala. Redio humfikia kila aliyefungulia chaneli hiyo, pamoja na jirani aliye umbali wa kilomita mbili ambaye ndiye atakayewahi kufika.

Wiki ya 1: karatasi kabla ya nguzo

Kazi ya kwanza ilikuwa vibali. Masafa Tanzania Bara yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na usalama wa vyombo uko chini ya TASAC, shirika la serikali la masuala ya meli. Redio ya botini ina kibali chake na kituo cha nchi kavu kina cha kwake. Redio ya bahari haigeuki kuwa halali ufukweni kwa sababu tu ina vitufe vilevile. Ombi la kituo liliandikwa kabla hatujanunua hata bomba la nguzo ya antena.

Lilijitokeza pendekezo la kununua wokitoki za bendi mbili za bei rahisi, zile zinazopangwa masafa kwa kompyuta. Zinaweza kweli kuwekwa kwenye megahezi 156.800, masafa ya dharura ya bahari. Tulizikataa kwa sababu tatu. Hazina kitufe cha dharura cha DSC, yaani wito wa kidijitali unaotumwa na redio yenyewe. Nyingi hazivumilii maji. Na kidole gumba kilicholowa kinaweza kuhamisha masafa katikati ya usiku bila mwenye redio kujua. Redio ya bahari hukaa kwenye chaneli zilizokwisha pangwa, na huo uchache wa uhuru ndio tunaoulipia.

Zilizochaguliwa zina wati 1 na wati 5, betri ya lithiamu ya volti 7.4 yenye mAh 1800, GPS ndani, DSC, na kiwango cha IPX7, yaani kuzama mita 1 kwa dakika 30. Zinaelea. Kumbuka kwamba kipimo cha IPX7 hufanywa kwa maji matamu, na kifuniko cha tundu la maiki kikiwa kimefungwa. Kifuniko kikiwa wazi, IPX7 ni maandishi ya kwenye boksi tu.

Wiki ya 2: kuziandaa mezani

Mpangilio tuliofuata kwa kila redio:

1. Betri ichajiwe mpaka ijae kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Kagua oringi ya betri, pete ya mpira ya kuzuia maji, kwa jicho na kwa kidole. Unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kupitisha maji.
2. Funga antena kwa vidole mpaka ikaze. Usibonyeze kuzungumza bila antena: nguvu isiyo na pa kutokea hurudi kwenye transista ya mwisho na kuiunguza.
3. Ingia kwenye menyu, chagua chaneli za kimataifa, yaani INT.
4. Weka skwelchi, kizuia mvumo: ifungue mpaka mvumo kama wa upepo usikike, kisha ifunge taratibu mpaka unyamaze, ukaishie hapohapo. Kila hatua ya ziada inawafungia mlango wanaoita kutoka mbali.
5. Ingiza MMSI, namba ya utambulisho ambayo DSC huitangaza.
6. Bandika namba ya boti kwa rangi ya mafuta. Stika haidumu wiki mbili kwenye chumvi.

Hatua ya 3 ilifichua tatizo. Redio tatu kati ya nane zilikuja zikiwa kwenye mpangilio wa USA. Chaneli 16 iko palepale katika mipangilio yote, kwa hiyo jaribio la haraka la chaneli 16 lilionyesha kila kitu ni shwari. Tofauti hujificha kwingine: chaneli 77, kwa mfano, katika mpangilio wa USA hubanwa kwenye wati 1 hata ukichagua wati 5. Mtu anadhani betri imechoka, kumbe ni menyu.

Hatua ya 5 inataka watu wawili, mmoja asome na mwingine aandike. MMSI ina tarakimu tisa. Za vyombo vya Tanzania huanza na 674 au 677, na katika utaratibu wa kimataifa iko namba ya redio ya mkononi inayoanza na 8 kisha namba ya nchi. Redio nyingi hukubali kuandikwa namba hiyo mara moja au mbili, kisha hujifunga, na kuifungua ni kazi ya fundi wa muuzaji. Redio ya boti ya nne iliingizwa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, mara zote mbili. Sasa imejifunga na namba isiyo yake. Inatumika kwa sauti tu mpaka irudi kwa fundi, kwa sababu DSC yake itatangaza chombo kisichokuwapo.

Chaneli zilizokubaliwa: 16 (156.800) ya kuitana na dharura, 72 (156.625) ya mazungumzo kati ya boti, 77 (156.875) ya akiba 72 ikijaa. Kituo cha dikoni hufanya kazi kwenye chaneli iliyoandikwa kwenye kibali chake. Chaneli 70 ni ya DSC, haizungumzwi. Hizi zimechapwa kwenye kadi iliyolaminishwa na kufungwa kwa kamba kwenye redio.

Wiki ya 3: ni urefu, si wati

Sauti ya VHF husafiri karibu kama jicho linavyoona, kwa hiyo mviringo wa dunia huikata. Hesabu ya haraka: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita mpaka upeo wa redio. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha jumlisha. Nahodha aliyekaa na redio kifuani ana antena mita 1.5 juu ya maji, sawa na kilomita 5. Wawili wa namna hiyo wana kilomita 10 kwa jumla, tena bahari ikiwa tulivu. Mawimbi ya kusi yakisimama, boti ikiingia bondeni, hesabu hiyo hupungua.

Maziwe iko kama kilomita 8 kutoka Pangani, kwa hiyo ilifaa kuwa kipimo. Boti iliegeshwa upande wa nje wa kisiwa, mpokeaji akasimama mchangani Pangani. Kwa wati 1, maneno yalikatikakatika. Kwa wati 5 yalipita, lakini si kila mara: msemaji alipokaa na kuipa Pangani mgongo, redio ikiwa kifuani, hata wati 5 zilipotea. Mwili wa mtu ni maji ya chumvi ndani ya ngozi, nao hunyonya. Aliposimama, akaigeukia nchi na kuinyanyua redio mpaka antena ikapita kichwa, ikasikika wazi bila kuongeza chochote. Mkao unaofundishwa sasa ni huu: simama kama boti inaruhusu, antena wima, maiki sentimita 5 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipulize. Umbali huo pia huiweka antena mbali na macho. Antena haishikwi wakati wa kusema.

Hapo ndipo hoja ya kuweka redio ya wati 25 dikoni ilipokufa. Kituo chenye wati 25 kingesikika mbali, lakini boti yenye wati 5 ingejibu na isisikike. Mawasiliano ya upande mmoja humfanya nahodha adhani amesikika. Kituo kinatumia redio ileile ya mkononi, fedha zikaenda kwenye nguzo.

Wiki ya 4: antena na nguzo

Antena ni ya robo wimbi, ya kutengeneza. Tundu la SO-239 la kufungwa kwenye bati, fimbo ya shaba nyeupe ya milimita 3 iliyolehemiwa katikati, na fimbo nne za sentimita 48 zilizofungwa kwa skrubu kwenye matundu ya pembe na kuinamishwa nyuzi 45 kuelekea chini. Uinamisho huo ndio unaoileta kwenye omu 50, ukinzani unaoendana na redio, ikiwa bapa kabisa hukaa chini zaidi.

Fimbo ya katikati huanza ndefu makusudi, sentimita 48, kisha hukatwa. Milimita 3 husogeza masafa takribani megahezi 1, kwa hiyo mkasi wa bati unataka adabu. Tuliishia sentimita 45.5. Kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, kilisoma 1.3. Chini ya 1.5 endelea na kazi, ikivuka 2 simama utafute kosa kabla ya kubonyeza tena. Majaribio haya hufanywa kwa wati 1, kwa sekunde chache, kwenye chaneli ya kazi baada ya kusikiliza kwanza kama iko wazi. Hayafanywi kwenye 16.

Waya wa antena: mita 15 za RG-58, aina nyembamba, hupoteza takribani desibeli 3 kwenye masafa haya, maana yake nusu ya nguvu inaishia kupasha waya moto. RG-213, aina nene, kwa urefu uleule hupoteza kama desibeli 1.4. Tulichukua RG-213. Tatizo lake ni uzito: ukiifunga moja kwa moja kwenye tundu dogo la SMA la redio ya mkononi, itaving'oa vyuma vyake kwenye bodi. Kati ya hizo mbili kuna kipande chembamba cha sentimita 30 kinachopokea mvuto, na waya mnene umefungwa ukutani.

Maungio ya nje yamezungushiwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha tepu nyeusi juu yake. Anza chini upande juu, kila mzunguko ukilalia uliotangulia, kama makuti ya paa. Ukianza juu, kila tabaka linakuwa kikombe cha kukusanyia mvua. Kabla waya haujaingia kibandani umeachiwa tumbo linaloning'inia, maji yadondoke hapo yasifuate waya mpaka ndani.

Nguzo ina mita 9: bomba moja zima la mita 6 na nusu ya jingine. Kwa hesabu ya juu, kilomita 12.3 jumlisha 5 za botini ni kama 17. Nguzo ya mita 16 ingeongeza kilomita 4 tu na gharama karibu mara mbili, pamoja na kamba za kuivuta pande nne. Haikufaa. Wakati wa kusimamisha, umbali kutoka nyaya za umeme za barabarani ulipimwa kwa futikamba na si kwa macho: angalau mara moja na nusu ya urefu wa nguzo, yaani mita 13.5, ili hata ikianguka isizifikie.

Fimbo ya ardhi ni ya shaba, mita 1.5, na waya wa milimita mraba 16 ulioshuka bila kona kali. Hauizuii radi kupiga, unaipa njia. Ngurumo ikisikika, antena huchomolewa redioni na ncha ya waya huachwa nje ya dirisha. Masika hiyo ni kazi ya kila siku.

Wiki ya 5: namna ya kusema

Kubonyeza, kunyamaza nusu sekunde, ndipo kusema. Asiyesubiri hukatwa silabi ya kwanza, na silabi ya kwanza ndiyo jina la anayeitwa. Anayeitwa hutangulia, anayeita hufuata, kwa mfano diko likiita boti ya Subira: "Subira, Subira, hii ni Dikoni, unanipata? Ova." Ova maana yake nasubiri jibu. Auti maana yake nimemaliza. Yeyote anayesema "ova na auti" anasema njoo na nenda kwa pumzi moja.

Kiswahili kina mitego yake hewani. Tatu na tano hufanana kwenye upepo, nne na nane vilevile. Namba husemwa moja moja na kurudiwa: "kilomita tatu, narudia, tatu, moja-mbili-tatu". Inaonekana ya kitoto mpaka siku kuna mawimbi.

Mtego mkubwa zaidi ni saa. "Saa moja" ya nahodha ni 1900 kwenye kioo cha redio, na GPS yenyewe hubeba saa ya UTC, saa ya kimataifa, nyuma ya Tanzania kwa saa tatu, isipowekwa sawa. Tulikubaliana: kati ya boti na diko, saa za Kiswahili zikitajwa pamoja na "ya usiku" au "ya asubuhi". Kwa meli au kituo cha uokoaji, saa 24, tarakimu nne.

Mahali. Mpangilio wa nyuzi na dakika umewekwa sawa kwenye redio zote nane. Mmoja akisoma 5.43 kwa desimali na msikilizaji akaandika nyuzi 5 dakika 43, makosa ni dakika 17, ambazo ni maili za bahari 17, karibu kilomita 32. Huko hakuna mtu wa kuokolewa. Baada ya namba hufuata alama inayojulikana: "mashariki ya Maziwe, kilomita tatu".

Dharura ilirudiwa mpaka ikawa wimbo, kwenye redio zilizozimwa:

"MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hii ni Subira, Subira, Subira. MAYDAY, Subira. Tuko mashariki ya Maziwe, kilomita tatu. Tunaingiza maji, injini imezima. Tunataka kuokolewa. Tuko watu watano, tumevaa jaketi, tuna tochi. Ova."

Mahali panatangulia idadi ya watu kwa sababu betri ikifa katikati, hapo ndipo panapohitajika zaidi. Injini imekufa lakini boti haizami na hakuna aliyeumia vibaya? Hiyo ni PAN-PAN, wito wa haraka usio wa hatari ya maisha, si MAYDAY. Kila nahodha amekariri pia maneno yaleyale kwa Kiingereza, kwa kuwa meli nyingi zinazopita mlango wa Pemba huenda zisiwe na msikilizaji wa Kiswahili.

Kitufe chekundu kiko chini ya kifuniko. Inua, kandamiza sekunde tano, redio hutuma namba na mahali kwenye chaneli 70, kisha hurudia kila baada ya dakika nne hivi mpaka ijibiwe. Hakijaribiwi. Anayetaka kujua kama DSC inafanya kazi hutuma wito wa majaribio kwa MMSI ya boti nyingine. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, zima redio ili isirudie, iwashe, nenda 16, tangaza kwa vyombo vyote kwamba wito wa saa fulani umefutwa. Kunyamaza kwa aibu ndilo kosa.

Wiki ya 6: hesabu ya betri

Safari ni saa 12. Kwa vipimo vya karatasi ya redio: kusubiri mA 60, kupokea sauti mA 280, kutuma kwa wati 5 mA 1500, kwa wati 1 mA 700. Saa 11 za kusubiri ni mAh 660, dakika 45 za kusikiliza 210, dakika 15 za kusema kwa wati 5 ni 375. Jumla 1245. Betri mpya ya 1800 inatosha na kusaza.

Betri ikishachakaa mpaka asilimia 70, inabaki na mAh 1260. Hapo chenji ya alfajiri ni mAh 15. Kwa wati 1 jumla inashuka hadi 1045, na chenji inakuwa 215. Ndiyo sababu ya kanuni ya boti kwa boti kuwa wati 1 daima, na wati 5 kwa diko au dharura. Mazungumzo ya bei ya samaki yamehamishiwa asubuhi.

Kuchaji ni dikoni, kwa paneli ya wati 50 na betri ya volti 12 ya Ah 20. Betri sita za redio zinataka kama Wh 80, na upotevu ukihesabiwa kama 115. Paneli ya wati 30 ingetosha siku ya jua tu. Redio iliyolowa huoshwa kwa maji ya bomba kifuniko kikiwa kimefungwa, hufutwa, hukauka kivulini, ndipo huingia kwenye chaja. Ikiingia na chumvi, umeme wa chaja hula vyuma vya mguso mpaka vinakuwa kijani. Redio ya akiba huhifadhiwa ikiwa na nusu ya chaji, mbali na bati la paa.

Wiki ya 8: yaliyoharibika mpaka sasa

Boti mbili hazikusikilizana usiku mzima zikiwa mita 200. Zilikuwa zimehamia chaneli 60 kwa kuwa "iko kimya". Chaneli 60 ni ya njia mbili: boti hutuma kwenye 156.025 na kusikiliza 160.625, kwa ajili ya kuongea na kituo cha pwani. Kila mmoja alikuwa anasema kwenye sikio ambalo mwenzake hana. Ukimya wake ulikuwa na sababu.

Usiku mwingine chaneli 72 ilizibwa kwa vipande vya dakika tano tano na sauti ya injini. Redio ilikuwa imebanwa kati ya ubao wa kukalia na ndoo, kibonyezo kimekandamizwa. Kufunga vitufe hakusaidii, kwenye redio nyingi kufuli halikigusi kibonyezo cha kuzungumzia. Kilichookoa ni kipima muda kinachokata baada ya dakika tano, kisha ndoo ikasukuma tena. Sasa redio hukaa kwenye jaketi la nahodha kwa klipu na kamba, si chini ya boti. Faida ya pili: akiangukia majini anaanguka nayo.

Dira. Redio iliyowekwa karibu na dira iliivuta sindano, kwa sababu ya sumaku ya spika. Mita 1 kutoka kwa dira, popote nyingine ruksa.

Petroli. Redio huzimwa kabla ya kifuniko cha tangi kufunguliwa, na betri haibadilishwi mpaka mvuke utawanyike. Cheche ya mguso wa betri inatisha kuliko wati tano zenyewe.

Yaliyobaki: redio ya boti ya nne kwenda kwa fundi kusafishwa MMSI, oringi nane za akiba, kipande cha pili cha waya mwembamba wa sentimita 30, cha sasa kimeanza kulegea upande wa SMA, jaribio la Maziwe kurudiwa wakati wa bamvua kusi ikivuma, boti ikiwa imejaa nyavu na watu wote wamekaa.